Miguu miwili, mabingwa 12: kihisi kilipima goti au kilipima mkono?

Juu ya meza ililazwa sehemu ya chini ya mwili wa maiti, kiuno pamoja na miguu yote miwili. Magoti yalikuwa yameandaliwa makusudi yasilingane: moja lilegee kidogo tu, la pili lilegee sana. Wakaitwa madaktari bingwa 12 wa upasuaji wa goti, watu ambao kazi yao ni kushika magoti yaliyoumia na kutamka yamelegea kiasi gani. Kila mmoja aliyapima magoti yote mawili kwa mtindo wake aliouzoea, kisha akayapima tena kwa mtindo mmoja waliofundishwa wote. Muda wote huo vihisi vya sumaku-umeme vilifuatilia jinsi mfupa wa muundi unavyosogea chini ya mfupa wa paja.

Mwandishi wa kwanza wa jaribio hilo ni Yuichi Hoshino, daktari wa Japani aliyefanya kazi na kundi la Volker Musahl na Freddie Fu wa Pittsburgh, Marekani. Matokeo yalichapishwa 2012. Si utafiti mkubwa, na ukiusoma haraka utauona kama jambo la mafundi wenyewe kwa wenyewe. Mimi nauona kuwa ndio kisa ambacho kila mtu anayetaka kufunga kihisi mwendo kwenye muundi wa mchezaji angekisoma kwanza, kabla hata ya kitabu cha maelekezo ya kifaa chake. Siku hizi vihisi hivyo ni vidogo kama kiberiti, bei yake inashuka, na hata simu ya mfukoni ina kimoja ndani yake. Nimeshasikia wenzangu wa fiziotherapia wakizungumzia "kifaa kinachopima ACL", ile ligamenti ya goti. Kifaa cha namna hiyo hakipo. Kilichopo ni kifaa kinachopima mwendo wa ngozi iliyo juu ya mfupa ulio mkononi mwa mtu, na katika sentensi hiyo kila neno lina uzito wake.

Tuanze na goti lenyewe. Ligamenti ya mbele ya msalaba, ambayo magazeti ya michezo huiita ACL, inatoka kwenye mfupa wa paja kwa nyuma, inashuka kwa mshazari hadi mbele ya mfupa wa muundi. Kazi yake ni mbili. Inazuia muundi usichomoke kwenda mbele, na inazuia muundi usijizungushe kupita kiasi mchezaji anapokanyaga na kugeuka ghafla. Wapenzi wengi wa soka wa Tanzania walikutana na majeraha ya ligamenti za goti kwa mlango wa nyuma Januari 2020. Wesley wa Aston Villa aliumia goti kule Burnley siku ya Mwaka Mpya, na kabla mwezi haujaisha Villa wakawa wamemsajili Mbwana Samatta kutoka Genk ili kuziba pengo. Goti la Mbrazili likafungua mlango wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa kijana wa Mbagala.

Ligamenti hii ikikatika, daktari ana vipimo viwili vikubwa vya mkono. Cha kwanza ni cha Lachman: goti linakunjwa kidogo, muundi unavutwa mbele, na mkono unasikiliza kama kuna kitu kinachozuia mwishoni. Joseph Torg alikiandika 1976 na kukipa jina la mwalimu wake, John Lachman wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Ni kipimo kizuri cha kujua kama ligamenti imekatika. Uchambuzi wa Anne Benjaminse na wenzake wa 2006, uliojumlisha tafiti nyingi, uliona kuwa Lachman hukamata takribani 85% ya walioumia, na huwaachia kwa haki 94% ya wasioumia.

Cha pili ndicho kilichofanywa juu ya ile meza. Kwa Kiingereza kinaitwa pivot shift; hapa nitakiita kipimo cha mruko. Kiliandikwa 1972 na Galway, MacIntosh na mwenzao wa Toronto, Kanada. Mgonjwa analala chali, daktari anainua mguu ulionyooka, anauzungusha muundi kwa ndani, na mkono wa pili unasukuma goti kutoka upande wa nje. Kama ligamenti imekatika, upande wa nje wa muundi unachomoka mbele kimyakimya. Kisha daktari anaanza kulikunja goti. Likifika kati ya nyuzi 20 na 40 hivi, ule utepe mgumu unaoshuka upande wa nje wa paja unapita nyuma ya mhimili wa goti na kuurudisha muundi mahali pake kwa ghafla. Mkono unausikia mruko huo. Mgonjwa naye anausikia, na mara nyingi atasema palepale: ndivyo goti linavyonifanyia uwanjani.

Kwa hiyo kipimo hiki hakiulizi tu kama ligamenti ipo. Kinaigiza tukio lenyewe ambalo mgonjwa analiogopa. Picha ya MRI itaonyesha ligamenti iliyokatika, lakini mtu anapigwa picha akiwa ametulia tuli, hivyo picha haiwezi kusema goti litachomoka kiasi gani akigeuka. Mininder Kocher na wenzake walionyesha 2004 kwamba baada ya upasuaji, kipimo cha mruko ndicho kilichokwenda sambamba na kuridhika kwa mgonjwa na hali ya goti kumwachia. Lachman na mashine ya kupima milimita za kwenda mbele havikwenda nayo. Mtu anaweza kuwa na goti zuri kwenye mashine na bado asiliamini.

Tatizo ni namna tunavyokitolea alama. Daraja 0 ni kawaida, 1 ni kuteleza, 2 ni mruko, 3 ni mruko mkubwa wenye kukwama. Ni maneno tu, na maneno hayo yanatoka kwenye kiganja cha mtu mmoja. Halafu mgonjwa aliye macho hukaza misuli ya nyuma ya paja kwa maumivu au kwa hofu, na misuli hiyo inaushika muundi usichomoke. Benjaminse alipata kwamba kwa mgonjwa asiyelazwa usingizi kipimo hiki hukamata 24% tu ya walioumia, ingawa kikisema "limechomoka" huwa hakidanganyi: 98% ya magoti mazima huyaachia. Ukimlaza kwa nusu kaputi, uwezo wa kukamata unapanda sana. Maiti haina hofu wala haikazi misuli, kwa hiyo kwenye ile meza kikwazo hicho kilikuwa kimeondolewa. Waliobaki ni goti na mikono 24.

Sasa kihisi. Ndani ya kichipu kuna kipande kidogo sana cha silikoni kilichoshikwa na springi ndogo. Kikisukumwa, springi inapinda, na kupinda huko kunageuzwa kuwa namba ya mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Hiyo ni akselerometa. Jairoskopu, jirani yake, hupima kasi ya kuzunguka. Vikiwa pamoja kwenye kisanduku kilichofungwa juu ya muundi kwa upande wa nje, karibu na chini ya goti, vinanasa ule mruko ambao kwa macho unapita upesi mno. Kundi la Stefano Zaffagnini na Nicola Lopomo katika Taasisi ya Mifupa ya Rizzoli, Bologna, ndilo lililokieneza kifaa cha aina hii kinachoitwa KiRA. Kundi la Pittsburgh lilichukua njia nyingine: vibandiko vitatu kwenye ngozi ya upande wa nje wa goti na kamera ya tableti inayohesabu umbali kati yake. Kobe, Japani, nao, kwa Hoshino na Ryosuke Kuroda, walikuwa na mfumo wa sumaku-umeme tangu 2007.

Kuna tofauti moja kati ya mifumo hii ambayo matangazo ya vifaa huipitia juujuu, na kisa chote kinaning'inia hapo. Mfumo wa sumaku-umeme unajua mahali mfupa ulipo, kwa hiyo unakupa milimita. Akselerometa haijui mahali. Inajua mchapuko tu. Ili upate umbali kutoka kwenye mchapuko ni lazima ujumlishe mara mbili: mara ya kwanza upate kasi, mara ya pili upate umbali. Kosa dogo la mwanzo linazaliana kwa mraba wa muda. Isitoshe, akselerometa inasoma mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde mraba, hata ikiwa imelala mezani. Ukiinamisha mguu kidogo, namba za pande zake tatu zinabadilika bila goti kuruka popote. Ndiyo maana vifaa vingi vya bei nafuu haviripoti milimita. Vinaripoti mchapuko wa kilele, kwa sababu ndicho vinachokiona moja kwa moja.

Jaribio la Hoshino lilipima vyote viwili kwa wakati mmoja, umbali na mchapuko. Hapo ndipo linapokuwa tamu.

Umbali kwanza. Kila bingwa alipotumia mtindo wake, muundi wa kushoto, wa goti lililolegea sana, ulisogea mbele wastani wa milimita 24.0, na wa kulia 15.5. Walipofuata mtindo wa pamoja, kushoto ukawa 25.1 na kulia 15.6. Mtawanyiko wa majibu kutoka bingwa hadi bingwa ulikuwa milimita 4 hivi, kabla na baada. Yaani mabingwa 12 walikuwa na mitindo 12, wengine wakali, wengine wapole, na bado umbali ulikataa kuyumba. Mguu uliolegea sana ulionekana umelegea sana. Ungeweza kumwingiza mtu chumbani bila kumwambia chochote, ukampa milimita tu, na angejua miguu hiyo haifanani.

Mchapuko ukaleta habari nyingine. Kwa mitindo yao wenyewe, mguu wa kushoto ulitoa wastani wa 4.3 na mtawanyiko wa 3.3. Wa kulia ulitoa 3.4 na mtawanyiko wa 2.3. Tulia hapo. Mtawanyiko wa 3.3 juu ya wastani wa 4.3 ni zaidi ya robo tatu ya wastani wenyewe. Tofauti kati ya goti lililolegea kidogo na lililolegea sana ilikuwa 0.9 tu, wakati tofauti kati ya daktari na daktari juu ya goti lilelile ilikuwa kubwa mara mbili na nusu au zaidi. Ukipewa namba moja ya mchapuko kutoka kwa mmoja wa mabingwa hawa, huna njia ya kujua ni goti lipi alilolishika. Ungekuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukisia ni daktari yupi.

Ni muuza nyama aliyeweka kidole kwenye sahani ya mizani: skrini inaonyesha gramu bila kukosea hata moja, na kidole kimo ndani ya gramu hizo.

Kisha wakatazama mtindo mmoja na kuufuata. Mtawanyiko wa mchapuko ukashuka: kushoto kutoka 3.3 hadi 1.3, kulia kutoka 2.3 hadi 0.7. Waandishi walihitimisha, kwa haki, kwamba kuwafundisha wapimaji mtindo mmoja kunafanya namba zilingane zaidi, na kwamba hilo litasaidia tafiti zinazokusanya wagonjwa kutoka hospitali nyingi. Hitimisho hilo ndilo linalonukuliwa kila mahali.

Mimi naomba tuangalie namba ambazo hazinukuliwi sana. Wastani nao ulishuka: kushoto hadi 3.0, kulia hadi 2.5. Maana yake mtindo wa pamoja ulikuwa mpole kuliko ule ambao mabingwa wengi walikuwa wameuzoea. Na tofauti kati ya miguu miwili nayo ikapungua, kutoka 0.9 hadi 0.5. Kelele ilipungua, lakini na sauti ilishuka. Ukipima tofauti hiyo dhidi ya mtawanyiko, hali imekuwa bora, hilo sibishi: kwa mguu wa kulia tofauti ilikuwa chini ya nusu ya mtawanyiko, ikawa karibu robo tatu. Lakini bado ni chini ya mtawanyiko mmoja. Hata baada ya mafunzo, hata kwa mabingwa, hata juu ya maiti isiyokaza msuli, mchapuko wa mtu mmoja haukutosha kutenganisha goti lililolegea kidogo na lililolegea sana kwa uhakika ambao mgonjwa angetaka kabla ya kupasuliwa.

Kwa nini umbali ukawa imara na mchapuko ukayumba? Jibu limo kwenye mwendo wenyewe. Muundi unachomoka mpaka pale utakapozuiwa na kile kilichobaki ndani ya goti: meniska ya upande wa nje, kifuko cha goti, na umbo la mfupa. Ukisukuma kwa nguvu ya kutosha, utafika kwenye kizuizi hicho, na kizuizi hakijali nani amesukuma. Lakini mchapuko wa kurudi unategemea jinsi goti lilivyokunjwa kwa haraka, nguvu iliyolisukuma kutoka nje, na kama mkono ulioshika kisigino uliendelea kuuzungusha muundi kwa ndani au uliuachia ujirudie. Hata nyonga inaingia humo. Bernard Bach na wenzake walishaonyesha 1988 kwamba paja likipanuliwa kwenda nje na muundi ukazungushwa nje, goti lilelile hupata daraja la juu zaidi. Kila kimojawapo cha vitu hivyo ni chaguo la mkono.

Kwa hiyo tumepata mkanganyiko ambao haukupangwa na mtu. Kitu ambacho kifaa rahisi cha kufunga mguuni kinakiona vizuri zaidi ndicho kinachotawaliwa zaidi na mpimaji. Kitu ambacho hakimtegemei sana mpimaji ndicho kifaa rahisi hakiwezi kukiona moja kwa moja. Sijui kama kuna kipimo kingine katika tiba ya michezo kilichokaa vibaya namna hii.

Je, hii inamaanisha tutupe vihisi? Hapana, na njia ya kutokea imo ndani ya jaribio lilelile. Mtawanyiko wa 3.3 ni wa kati ya madaktari. Bingwa mkali ni mkali kwa miguu yote miwili, na mpole ni mpole kwa yote miwili. Ukimlinganisha mtu na nafsi yake, yaani mkono mmoja, siku moja, mguu mzima kisha mguu mgonjwa, sehemu kubwa ya kidole cha muuza nyama inajifuta yenyewe. Bologna walifanya hivyo tangu mwanzo: katika kazi ya Lopomo ya 2012, goti lililoumia lililinganishwa na goti zima la mgonjwa yuleyule, na tofauti ikaonekana. Baadaye vituo vinne, Pittsburgh, Kobe, Bologna na Göteborg, viliungana kutumia mtindo mmoja wa kushika mguu pamoja na kihisi cha muundi na tableti ya kamera. Matokeo ya 2016 yalionyesha kuwa wagonjwa ambao madaktari waliwapa daraja la juu ndio waliotoa namba kubwa kwenye vifaa. Vifaa na viganja vilikuwa vinazungumzia kitu kimoja, mradi viganja vimefundishwa.

Lakini mbinu ya kulinganisha na mguu mzima ina sharti ambalo uwanjani husahaulika: ni lazima mguu wa pili uwe mzima kweli. Mchezaji aliyewahi kuumia magoti yote mawili hana mguu wa kulinganishia. Na mwenye viungo laini kwa asili, yule anayekunja kidole gumba mpaka kinagusa mkono, anaweza kuwa na mruko mdogo hata kwenye goti lisilo na jeraha lolote.

Swali linalofuata ni la mtu wa hesabu za hospitali: daraja 1 au 2, ina tofauti gani? Tofauti ipo, tena ya kisu. Utafiti wa STABILITY, ulioongozwa na Alan Getgood kutoka London ya Ontario, Kanada, na kuchapishwa 2020, uliwachukua wagonjwa 618 wa umri kati ya miaka 14 na 25. Nusu walirekebishiwa ACL kwa kano ya nyuma ya paja. Nusu nyingine waliongezewa ukanda wa kushikilia upande wa nje wa goti. Baada ya miaka miwili, ligamenti mpya zilikuwa zimekatika kwa 11% ya kundi la kwanza na 4% ya kundi la pili. Ni tofauti kubwa, na madaktari wengi wamebadilisha mazoea yao kwa sababu yake.

Sasa tazama mlango wa kuingilia utafiti huo. Mgonjwa alitakiwa kuwa na sifa mbili kati ya tatu: mruko wa daraja 2 au zaidi, nia ya kurudi kwenye mchezo wa kugeuka-geuka, au viungo laini kwa jumla. Na matokeo makuu yaliyopimwa, yaani kushindwa kwa matibabu, yalihesabu goti ambalo bado lina mruko pamoja na ligamenti iliyokatika upya. Kwa kipimo hicho kipana, waliofeli walikuwa 40% dhidi ya 25%. Kiganja cha mtu kilisimama mlangoni na kikakaa tena mezani siku ya kutoa majibu. Siwalaumu, hakukuwa na kitu bora zaidi. Ila daraja 1 na daraja 2 likiwa ndilo linaloamua kama kijana wa miaka 17 ataongezewa mkato wa pili upande wa paja, basi lile jaribio la maiti linakuwa na uzito kuliko ukubwa wake.

Nije nyumbani kidogo. Tanzania upasuaji wa goti kwa matundu upo, MOI pale Muhimbili wanaufanya, na mashine za MRI zipo kwenye miji mikubwa. Lakini mchezaji wa ndondo au wa timu ya daraja la chini mkoani hukutana kwanza na barafu, bendeji, na mchua misuli, kisha labda, baada ya goti kumwachia mara kadhaa, na fiziotherapia wa hospitali ya mkoa. Kwa mazingira hayo, wazo la kufunga simu kwenye muundi na kupata namba linavutia. Na kwa vile AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania, wauzaji wa vifaa vya tiba ya michezo hawatakaa mbali.

Hoja yangu kwa wenzangu ni kwamba kwa kugundua ACL iliyokatika, kihisi hakikusaidii unachofikiri. Lachman iliyofanywa vizuri inakamata 85% na haihitaji betri. Pesa ya kifaa ikitumika kumleta bingwa mmoja akakaa wiki nzima na fiziotherapia wa mkoa, akiwashika mikono juu ya magoti ya watu, faida yake itakuwa kubwa zaidi. Jaribio la Hoshino linasema jambo hilohilo kwa namba: kilichopunguza mtawanyiko kwa zaidi ya nusu yalikuwa mafunzo, na vihisi vilikuwa vilevile kabla na baada.

Mahali ambapo kihisi cha kufunga mguuni kinastahili nafasi yake ni baadaye, mgonjwa akishapasuliwa na anaomba kurudi uwanjani. Hapo mkono wa mpimaji hauko. Mchezaji anaruka mwenyewe, anatua mwenyewe, anakimbia na kugeuka mwenyewe, na kihisi kwenye kila muundi kinaonyesha kama mguu uliopasuliwa unapokea mzigo sawa na mwenzake au unakwepa. Kukwepa huku mara nyingi hakuonekani kwa macho, kwa sababu mchezaji mzuri ni mjanja wa kuhamisha uzito kwenye nyonga. Kwa vijana wenye haraka ya kurudi, namba hiyo inampa fiziotherapia hoja ya kumshikilia kocha. Na sababu ya kumshikilia ipo: Hege Grindem na wenzake, wakifuatilia wachezaji wa Norway, waliripoti 2016 kwamba kwa kila mwezi ambao mchezaji alichelewesha kurudi, hadi mwezi wa tisa, kiwango cha kuumia goti tena kilishuka kwa 51%.

Anayetaka kukitumia kwa kipimo cha mruko hata hivyo, afanye yafuatayo kwenye faili la mgonjwa. Aandike nani aliyeshika mguu. Aandike kama mgonjwa alikuwa macho au usingizini, kwa sababu namba ya kliniki na namba ya chumba cha upasuaji ni namba mbili zisizolingana. Aandike miguu yote miwili, mzima ukitangulia ili mgonjwa azoee na alegeze misuli. Afunge kihisi mahali palepale kila mara, mfupa ulipo karibu na ngozi, na kwa mkanda wa kubana, maana kwa mtu mnene ngozi inaendelea kucheza baada ya mfupa kutulia na kihisi hakijui tofauti. Arudie mara kadhaa na kuandika zote, si ile kubwa tu. Namba ikiwa peke yake bila hayo, mimi nikiipokea kwenye barua ya rufaa siisomi. Naanza upya na Lachman.

Na muuzaji akija na kisanduku chake akasema kifaa hiki hakijali nani anapima, mwombe alale kitandani, wafanyakazi watatu wa kliniki walipime goti lake kwa zamu, na namba zisomwe kwa sauti kabla hajatoa ankara.